Acheni kuwaandikia wazee wetu waini kama dawa ya moyo

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya familia kwamba glasi ya waini nyekundu kila jioni inasafisha mishipa na kulinda moyo. Baba mdogo ana presha, yuko kwenye amlodipine, vidonge vya kushusha presha. Muuza duka la dawa mmoja mtaani kamwambia waini ya Dodoma ni tiba. Sasa anakunywa kila siku, ukimgusa anakujibu "nimeandikiwa". Umeandikiwa na nani, baba?

Halafu hiyo "glasi moja" ni bilauri ya maji, imejaa mpaka ukingoni! Kwenye tafiti glasi ya waini ni kama mililita 150, mara nyingi pungufu. Wa bia nao wasicheke: chupa ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe tupu. Nchi nyingi huhesabu kipimo kimoja kuwa gramu 10. Hiyo "moja baridi" yako tayari ni mbili.

Chanzo cha hii hadithi kinajulikana. Mwaka 1991 televisheni ya CBS ya Marekani ilirusha kipindi kuhusu Wafaransa: wanakula siagi na jibini, lakini hawafi sana kwa moyo, eti waini nyekundu ndiyo inawabeba. Mauzo yakapaa. Tafiti nazo zikawa zinaonyesha wanywaji wa kiasi wana afueni kuliko wasiokunywa. Sasa hao wasiokunywa ni akina nani? Humo ndani walichanganywa watu walioacha pombe kwa sababu wanaumwa! Mtafiti Shaper na wenzake wa Uingereza walilipigia kelele hilo tangu 1988. Na anayekunywa glasi moja na kuacha, mara nyingi ana kipato, anakula vizuri na anapima afya. Sifa zote anapewa chupa.

Mwaka 2019 jarida la Lancet likachapisha utafiti mkubwa wa China. Kule wengi wana jeni inayofanya pombe iwakatae, uso unawaka, moyo unaenda mbio, hivyo wanakunywa kidogo au hawanywi kabisa. Watafiti walipolinganisha watu kwa jeni, ile kinga ya kunywa kwa kiasi dhidi ya kiharusi ikayeyuka. Kadiri pombe inavyoongezeka, ndivyo presha na kiharusi vinavyopanda. Presha, wakuu! Ugonjwa uleule wa baba mdogo.

Kilichonichefua zaidi ni cha 2018. Taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH, zilivunja jaribio la dola milioni 100 hivi lililotaka kupima faida ya kinywaji kimoja cha pombe kwa siku. Ilibainika wahusika walizungumza na makampuni ya pombe mapema kuomba fedha, na muundo wenyewe ulielemea kupata jibu zuri kwa kinywaji. Unategemea muuza pombe akwambie inaua?

Januari 2023 WHO ilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Kansa peke yake inatosha, pombe imo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya kansa tangu 1988.

Unakunywa kwa sababu unapenda? Kunywa, mimi si mchungaji wako. Ila wewe muuza dawa, mzee akija na cheti cha presha, mpe vidonge vyake na umwambie arudi kliniki. Na mnaokuja kunipinga, leteni utafiti, sitaki habari za babu aliyekunywa gongo akafikisha miaka 90.