Mrejesho: soksi za mama zilizokuwa zinatoboka kisigino

Habari zenu wapendwa. Mwezi wa tano niliwauliza kwa nini soksi ninazomfumia mama, anayeishi Njombe, zinatoboka kisigino kabla ya miezi miwili. Nimerudi kuwashukuru.

Niliachana na akriliki tupu, nikatafuta uzi wa sufu uliochanganywa na nailoni. Sindano nikashuka kutoka milimita 3.5 hadi 2.5. Vidole viliniuma, ila ufumaji umekaza vizuri. Kilichookoa zaidi ni kile kisigino: safu ya kwenda unahamisha mshono mmoja bila kuufuma, unafuma unaofuata, hivyo hivyo hadi mwisho, safu ya kurudi unafuma yote kinyume. Uzi unapita kwa nyuma, kisigino kinakuwa kinene, ukikibonyeza kinarudi kama mto mdogo. Dada uliyenielekeza, Mungu akubariki sana.

Mama kazivaa Juni na Julai yote ndani ya gambuti, shambani kwenye viazi. Visigino ni vizima. Anasema hata zikilowa umande miguu haigandi.

Kuunga mishono ya vidoleni kwa sindano ya kushonea bado kumenishinda. Nilifunga kawaida, pakabaki ukingo unaomsugua kidole gumba. Na jozi moja ililowekwa maji ya moto, ikasinyaa. Sasa ni ya mpwa wangu wa miaka minne. Sufu ifueni kwa maji ya baridi, muikamue kwa kuibonyeza, msiisokote.

Ahsanteni sana. Jozi ya baba naianza kesho.