Mjadala: Je, majaribio ya tiba ya seli za kinga kwa saratani kali ya damu yaletwe Kanda ya Kaskazini?

Mleta hoja, Moshi

Ndugu zangu, kila yanapotajwa majaribio ya tiba, kauli ya kwanza kusikika hapa kwetu ni kwamba watoto wetu wasigeuzwe panya wa maabara. Naielewa hofu hiyo, ila naona imeachwa ilimeze swali kubwa zaidi: jaribio likiisha, nani atatibiwa?

Katika tiba hii, seli T (aina ya chembe za kinga) huchujwa kutoka katika damu ya mgonjwa mwenyewe, hupandikizwa maabara jeni inayoziwezesha kuitambua alama ya CD19 iliyo juu ya seli za lukemia (saratani ya damu), huzalishwa kwa wingi, kisha hurudishwa mwilini kwa dripu. Emily Whitehead, mtoto wa Marekani ambaye tibakemikali ilikuwa imemshindwa, aliipata mwaka 2012 huko Philadelphia. Alizidiwa na homa kali hadi akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, kisha akapona. Marekani iliiidhinisha mwaka 2017 kwa watoto na vijana wa hadi miaka 25, kwa bei ya dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja.

Msimamo wangu ni kwamba jaribio lije, hata katika hospitali yetu ya KCMC, endapo NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) zitaridhia, lakini mkataba utamke kabla ya mgonjwa wa kwanza kusaini ridhaa kwamba tiba ikifaulu itapatikana hapa, na kwa bei gani. India iliidhinisha tiba yake yenyewe mwaka 2023, kwa takribani sehemu moja ya kumi ya bei ya Marekani, kwa hiyo bei si amri ya Mungu.

Mchangiaji, Arusha

Mkuu, hoja yako ni nzuri, lakini umeruka hatua. Mgonjwa wa lukemia hutokwa damu kwa kukosa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na chembe hizo hukaa siku 5 hadi 7 tu, katika nyuzijoto 20 hadi 24, zikitikiswa muda wote. Hazilimbikizwi kwenye jokofu kama damu ya kawaida. Wazazi wanaotafuta wachangiaji damu usiku wa manane wanalijua jambo hili kuliko sisi. Isitoshe, lukemia ya limfu ya watoto, aina inayolengwa na tiba hii, hupona kwa takribani watoto 9 kati ya 10 katika nchi tajiri, na wengi wao kwa dawa za zamani tu. Tukamilishe kwanza dawa hizo na chembe sahani, pamoja na vitanda vya wagonjwa mahututi, maana bila hivyo homa iliyomkumba Emily ingemuua.

Mleta hoja

Kuhusu vitanda na chembe sahani sina ubishi. Viingizwe katika masharti ya jaribio, vigharamiwe na mfadhili, na vibaki hospitalini akiondoka. Ninachokataa ni kusubiri vitimie ndipo tuanze kuandika masharti, kwa sababu wafadhili hufika na mkataba uliokwisha kuchapwa, na wakati huo sisi huulizwa tu mahali pa kusaini.