Tupeane uzoefu: Kusoma muziki wa kisasa na biashara ya muziki chuoni, mambo ya kuyashika mapema

Mwanzisha mada

Wakuu, uzi huu ni wa kozi za muziki wa kisasa na biashara ya muziki kwenye vyuo vya sanaa na ubunifu. Ombi langu ni moja: historia za maisha tuziache, tuweke kazi mezani. Hatua, vipimo, makosa yanayojirudia na sababu zake, ili anayeingia mwaka wa kwanza apate cha kushika.

Naanza. Kozi hizi husimama juu ya miguu mitatu: kupiga au kuimba, chumba cha kurekodia, na biashara. Kosa linaloumiza wengi ni kuichukulia hiyo miguu kama masomo matatu yasiyojuana. Mwanafunzi anatunga wimbo Jumatatu na wenzake wanne, anaurekodi Jumatano, Ijumaa anakaa darasa la hakimiliki akinakili maana za maneno, na wimbo wake mwenyewe hauna hata karatasi inayosema nani katunga nini. Chukua wimbo mmoja wa kweli, uupitishe njia yote toka mazoezini hadi kwenye malipo. Kila somo litapata pa kukaa.

Kuhusu usaili: vyuo vingi huomba vipande viwili vya mitindo tofauti, na mara nyingi kipimo kifupi cha sikio au cha kusoma noti. Usichague kipande kigumu kuliko uwezo wako. Wasaili husikiliza kwanza kama unashika mapigo, kama chombo kimelingana na kama unawasikia wenzako. Mbio za vidole huja mwisho. Muziki wa kusindikiza uwe kwenye simu na kwenye flashi pia, umeondolewa sauti ya chombo chako, na mapigo manne ya kuhesabia yawemo ndani ya faili. Hayo mapigo manne watu huyasahau sana, halafu wanaingia nje ya wakati mbele ya wasaili.

Besi Nyuzi Tano

Niongezee kwenye kushika mapigo. Wengi huweka metronomu ilie kwenye mapigo yote manne, na hapo ni mashine inayoshika wakati, siyo wewe. Wimbo ukiwa wa mapigo 120 kwa dakika, iweke mashine 60, kila mlio uuhesabu kuwa pigo la 2 na la 4. Ukishatulia, shusha hadi 30, mlio mmoja tu kwa kila baa (yaani kila kundi la mapigo manne). Hapo hakuna pa kujificha: ukikimbia, mlio unakukuta umeshapita, ukilala, unakutangulia. Bendi nyingi za wanafunzi hukimbia sehemu ileile, yaani dramu inapovunja mdundo kuelekea kiitikio, na hupunguza mwendo muziki unapokuwa wa sauti ya chini. Rudieni hizo baa nne peke yake mara kumi kabla ya kupiga wimbo mzima.

Jambo la pili, andikeni kordi kwa namba, yaani nafasi yake kwenye skeli ya ufunguo. Kwenye ufunguo wa G, mfululizo wa 1, 5, 6 maina, 4 ni G, D, E maina, C. Mwimbaji akisema ufunguo umempanda, mkahamia E♭, namba zinabaki zilezile na mikono inahama: E♭, B♭, C maina, A♭. Anayeandika majina ya kordi matupu hulazimika kuandika karatasi upya, na dakika ishirini za chumba cha mazoezi zimekwenda.

Mkiwa na vyombo vya kupuliza, kumbukeni tarumbeta ya B♭ husoma toni nzima juu ya sauti halisi, na saksafoni ya alto ya E♭ nayo ina hesabu yake. Wimbo wa G, tarumbeta inaandikiwa A, alto inaandikiwa E. Mkimkabidhi mpuliza karatasi ya mpiga kinanda, kelele za dakika tano za mwanzo zitawaambia.

Fundi Mitambo

Chumba cha kurekodia nakichukua mimi, maana huko ndiko saa nyingi hupotea.

Kabla ya kitu chochote, kubalianeni kasi ya sampuli, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde. Kazi ya muziki mtupu, 44.1 kHz inatosha. Kazi itakayokaa kwenye video, 48. Kina cha biti, yaani usahihi wa kila kipimo, kiwe 24. Faili la 44.1 likiingizwa kwenye kazi ya 48 bila kubadilishwa, litakwenda kasi zaidi kwa karibu asilimia 9 na sauti itapanda kama nusu toni moja na nusu. Wanafunzi hulaumu mwimbaji kwamba katoka kwenye ufunguo, kumbe ni faili.

Kiwango cha kuingiza: wastani wa sauti ukae karibu na −18 dB na vilele visivuke −6. Zamani za mkanda watu walisukuma sauti juu ili kuikimbia kelele ya mkanda wenyewe. Kwenye biti 24 kelele iko chini mno, huna unachokikimbia. Ila ukigonga 0, ambayo ndiyo dari ya kipimo cha kidijitali, sauti imekatwa kichwa na hakuna mtambo utakaoirudisha ilivyokuwa.

Sauti kuchelewa kwenye hedifoni: punguza bafa (sampuli ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzichakata) hadi sampuli 128 au 64 wakati wa kurekodi. Kwa 44.1 kHz, sampuli 128 ni kama milisekunde 3 kwa upande mmoja. 1024 ni kama 23, na mwimbaji hawezi kuimba akijisikia nyuma kiasi hicho. Ukimaliza kurekodi, pandisha hadi 1024 ili kompyuta ipumue unapomiksi. Na zile ifekti nzito za kumasta (hatua ya mwisho ya kuuweka wimbo sawa kabla haujatoka) zitoe kabla ya kurekodi, kwa sababu baadhi yake huongeza ucheleweshaji wao wenyewe hata bafa ikiwa ndogo.

Mwimbaji: sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, chujio la pumzi katikati. Akisogea karibu zaidi, maikrofoni ya mwelekeo mmoja huongeza besi, sauti inakuwa nzito ubeti wa kwanza na nyembamba ubeti wa pili kwa sababu alisogea. Bandika kipande cha utepe sakafuni asimame hapo. Kama pumzi za "p" na "b" bado zinagonga, geuza maikrofoni pembeni kidogo ili pumzi ipite kando yake. Maikrofoni ya kondensa inahitaji volti 48. Shusha spika kwanza ndipo uwashe, la sivyo ule mshindo utaumiza spika na masikio.

Dramu kwa ukaribu: ukiweka maikrofoni juu na chini ya sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali), fimbo inapogonga ngozi ya juu inakwenda chini, maikrofoni ya juu inaiona ikiondoka, ya chini inaiona ikija. Mawimbi mawili yanapingana na sneya inapoteza mwili, inabaki kama bati. Bonyeza kitufe cha kugeuza fezi kwenye ile ya chini, sikiliza kwa mono, chagua upande wenye uzito. Ni kitufe kimoja tu, lakini nimekitaja kwa kirefu kwa sababu watu humaliza saa nzima kwenye ekwalaiza wakitafuta uzito ambao walishaufuta wenyewe.

Kumasta: Spotify kwa kawaida husawazisha sauti karibu na −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Ukileta wimbo wa −7, utashushwa. Kilichobaki ni ule mbano ulioua mdundo. Kilele halisi kisivuke −1 dB.

Koo Safi

Fupi tu: masikio. Kanuni ya usalama kazini inayotumika sana inakadiria desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda unapungua nusu. Fika 100, umebaki na dakika 15. Chumba kidogo chenye dramu hufika huko bila shida. Nunueni vizibo vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti kwa usawa juu na chini, si sponji linaloua sauti kali peke yake na kumfanya mwimbaji apige kelele zaidi.

Mama Mikataba

Nashukuru mwanzisha mada umeanza na ile karatasi, nitakaa hapo hapo.

Wimbo mmoja una mali mbili. Ya kwanza ni utunzi: melodi, maneno, mpangilio wa kordi pale ulipo wa kipekee. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile masta. Wamiliki wanaweza kuwa watu tofauti kabisa, na pesa zake hupita njia tofauti. Kuna pia hakishiriki za waliopiga na kuimba kwenye rekodi, hata kama hawakutunga neno. Anayechanganya hivi vitu husaini karatasi ya moja akidhani ni ya nyingine.

Karatasi ya mgao wa utunzi ni ukurasa mmoja. Jina la wimbo, tarehe, jina la kisheria la kila mtunzi na jina lake la sanaa, chama chake cha kukusanya mirabaha na namba yake ya IPI (namba ya kimataifa ya kumtambulisha mtunzi) kama anayo, alichochangia, na asilimia yake. Jumla iwe 100 kamili. Watatu wakigawana sawa, msiandike 33 mara tatu, maana 1 inabaki bila mwenyewe, andikeni 33.34, 33.33, 33.33. Kila mmoja asaini, apige picha, abaki na nakala.

Isainiwe siku ileile, kabla watu hawajafunga vyombo. Wimbo ukiwa bado hauna thamani, mgao unamalizika dakika kumi. Ukishapendwa, kila mtu anakumbuka alichangia zaidi. Na mazungumzo haya hayana uadui wowote ndani yake. Ni heshima kwa mwenzako kumwambia mchango wake unaonekana. Mpiga gitaa aliyeleta rifu (kipande kifupi kinachojirudia) inayobeba wimbo mzima, je, ni mtunzi au mpangaji wa muziki tu? Amueni mkiwa bado mnacheka pamoja.

Mpigaji wa kualikwa naye apewe karatasi yake fupi: amelipwa nini, ameruhusu rekodi itumike wapi, jina lake litaandikwaje. Sheria za nchi hutofautiana, kwa hiyo msinakili fomu ya kwingine bila kuisoma.

Mgeni Darasani

Naomba kuuliza, biti, yaani muziki uliotengenezwa tayari wa kuimbia, ikiwa imenunuliwa mtandaoni je? Na hii habari ya lebo kukupa pesa mwanzoni, mbona wanaosaini wanalalamika hawapati kitu?

Mama Mikataba

Biti kwanza. Biti nyingi zinauzwa kwa leseni isiyo ya kipekee: prodyuza anabaki mwenye mali na anaweza kuwauzia wengine hamsini. Soma mambo manne: kikomo cha idadi ya kusikilizwa, muda wa leseni, kama ruhusa ya video imo, na asilimia ya utunzi anayobaki nayo prodyuza. Usiisajili rekodi ya namna hiyo kwenye Content ID ya YouTube (mfumo unaotambua rekodi zenyewe kwenye video), kwa sababu mfumo utaanza kuwadai wenzako walionunua biti ileile, nao watakudai wewe.

Pesa ya mwanzoni ni malipo ya awali yanayorudishwa kutoka kwenye mgao wako. Chukua mfano: umepewa 10,000, mrabaha wako ni asilimia 20. Rekodi ikiingiza 10,000, fungu lako ni 2,000 na zote zinakwenda kwenye deni. Ili deni liishe, rekodi iingize 50,000. Hapo lebo imepokea 50,000, wewe mkononi una zile 10,000 za mwanzo, na kuanzia shilingi inayofuata ndipo unapata 20 kwa kila 100. Sasa ongeza gharama za video na studio kama mkataba unasema nazo zinarudishwa kwenye fungu lako: zikiwa 8,000, rekodi inatakiwa iingize 90,000. Ndiyo maana swali la kwanza liwe "nini kinarudishwa, na kwenye fungu la nani", kisha asilimia. La pili ni masta itarudi kwako lini. Meneja kwa kawaida huchukua asilimia 15 hadi 20. Angalia kama ni ya pato zima au ya kilichobaki baada ya gharama, na ataendelea kukata kwa miaka mingapi baada ya kuachana.

Fundi Mitambo

Mgeni, na kazi ya mwisho wa muhula ikidai uutoe wimbo kweli, panga hivi. Mpe msambazaji (kampuni inayopeleka wimbo kwenye majukwaa ya kusikiliza) wiki nne kabla. Faili la WAV, biti 16 au 24. Picha ya jalada mraba wa pikseli 3000 kwa 3000. Kila rekodi ina ISRC yake, namba ya kuitambulisha rekodi, herufi na tarakimu 12. Rimiksi au toleo lililofupishwa ni rekodi nyingine, lina ISRC nyingine. Wimbo uleule ukihamia kwenye albamu, ISRC haibadiliki. Wengine wakibadilisha msambazaji wanaomba namba mpya, na hesabu ya waliosikiliza inaanza sifuri. Utunzi una namba yake, ISWC, inayoanza na T, na hutolewa kupitia chama cha mirabaha, si msambazaji.

Maombi kwa wahariri wa Spotify, wanaochagua nyimbo za orodha zake, yatumwe angalau siku 7 kabla ya kutoka.

Besi Nyuzi Tano

Mafaili ya kazi nayo yawe nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikae nje ya jengo. Kila njia (rekodi ya kila chombo peke yake) itolewe kuanzia baa ya kwanza hata kama sauti inaingia baa ya 40, na jina la faili liwe na wimbo, chombo, tempo na ufunguo. Prodyuza mwingine akifungua kesho, kila kitu kinakaa mahali pake bila kukupigia simu.

Mwanzisha mada

Na zile kumbukumbu za kazi ambazo walimu hudai, jazeni siku hiyohiyo: maikrofoni ipi, umbali gani, nini kilikataa, mlirekebisha vipi, nani alikuwepo chumbani. Hiyo orodha ya waliokuwepo iambatanishwe na karatasi ya Mama Mikataba. Anayejua upande wa jukwaani, ramani ya jukwaa na orodha ya njia za sauti, aendelee hapa chini.