Yah: Hela za wasio na makazi zinapitia wapi?

Ndugu wote, salaam.

Kuna familia ya watu watano inalala sebuleni kwangu tangu mwezi uliopita, walishindwa kodi. Nilipopiga 211, namba ya kuulizia misaada hapa Marekani, nikajibiwa kwamba kwa kuwa wamo ndani ya nyumba ya mtu, shelta, yaani makao ya muda, haiwapi nafasi. Hizi hela tunazozisikia kila bajeti zinagawiwaje, na anayeamua ni nani? Kuwafukuza siwezi, lakini mwenye nyumba ameshaanza kuniuliza.

Mama Neema

---

Mama Neema, pole, na Mungu akulipe kwa moyo huo.

Nimekaa miaka minne kwenye kamati ya eneo letu inayopanga hela hizo, basi nieleze ninayoyajua. Serikali kuu ya Marekani haiendeshi shelta. Inatoa hela kupitia HUD, yaani Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, chini ya sheria ya McKinney-Vento ya mwaka 1987, na zinashuka kwa mifereji miwili mikubwa.

Wa kwanza unaitwa ESG, ruzuku ya dharura kwa wasio na makazi. Huu hugawiwa kwa fomula: majimbo, kaunti na miji hupata fungu kwa hesabu ileile ya ruzuku ya maendeleo ya jamii, inayotazama mambo kama idadi ya watu, umaskini, kubanana ndani ya nyumba na ukongwe wa nyumba zenyewe. Wanaolala barabarani hawamo katika hesabu hiyo. Ndiyo maana mji wenye majengo ya zamani unaweza kupata fungu nono kuliko mji ambao kodi zimepanda ghafla. Mimi naona ni kosa, na nimelisema kikaoni.

Mfereji wa pili ni Continuum of Care, CoC kwa kifupi, jina linalotumika pia kwa muungano wa kila eneo unaoomba hela hizo. Nchi imegawanywa katika maeneo karibu 400, na kila eneo hupeleka ombi moja la pamoja. Kabla ya kulipeleka, wenyeji wenyewe hupanga miradi yao kwa daraja, na iliyo mkiani ndiyo inayoweza kukosa. Uamuzi wenyewe uko hapo, Mama Neema, katika chumba cha watu wanaojuana. Tena sehemu kubwa ya hela huendeleza miradi iliyopo tayari, kwa hiyo anayebisha hodi mara ya kwanza hukuta karibu zote zimeshagawiwa.

Sasa familia yako. HUD huagiza watu wahesabiwe usiku mmoja ndani ya siku 10 za mwisho wa Januari. Mwaka 2024 walipatikana 771,480, idadi kubwa kuliko zote tangu hesabu hiyo ya kitaifa ianze mwaka 2007. Wanaohesabiwa ni walio shelta na walio nje. Anayelala kwa ndugu hayumo. Na sisi ndivyo tulivyo, hatumwachi mtu wetu alale nje, tunabanana. Ukarimu wetu wenyewe ndio unaotuficha.

Hata hivyo mlango upo. Ikiwa kweli watapoteza nafasi kwako ndani ya siku 14, na hawana pengine pa kwenda wala uwezo wa kupangisha, sheria inawatambua kuwa hawana makazi. Andika barua yenye tarehe ya kuondoka, iwe ya kweli, uitie sahihi. Waombe msaada wa kuzuia kukosa makazi unaolipwa na ESG, wasiulizie kitanda. Kipato chao kitatazamwa, kinatakiwa kiwe chini ya 30% ya kipato cha kati cha eneo.

Baba Imani

---

Mama Neema, kuna watoto wanaosoma? Shule zinafuata tafsiri pana zaidi ndani ya sheria hiyohiyo: mtoto anayeishi kwa watu kwa sababu wazazi wamepoteza nyumba anahesabika. Kila wilaya ya shule lazima iwe na ofisa wa watoto hao. Wanaandikishwa papo hapo hata vyeti vikikosekana, na wana haki ya kubaki shule yao ya awali na kupewa usafiri. Mtafute kesho.

Baba Imani, sisi tunaingiaje kwenye hicho chumba?

Dada Rehema

---

Dada Rehema, mlango haujafungwa. Kanuni zinataka wanachama wote wa CoC wakutane angalau mara mbili kwa mwaka, watangaze mwaliko wa wanachama wapya kila mwaka, na bodi iwe na mtu aliyewahi kukosa makazi au anayekosa sasa. Katika miaka yote minne sijamwona Mswahili mwingine mle ndani.

Na tusiende mikono mitupu. Anayepewa ruzuku ya CoC lazima achangie 25%, isipokuwa kwenye hela za kukodi majengo, na huduma ya kujitolea inakubalika badala ya fedha ikiwa kuna makubaliano ya maandishi. Ule ukalimani tunaofanya bure kila wiki una thamani kwenye ombi lao.

Kikao ni Alhamisi ijayo saa kumi na mbili jioni. Nina nafasi tatu garini.

Baba Imani

---

Barua nimeiandika asubuhi hii, na ofisa wa shule ameahidi kunipigia kesho. Alhamisi nipitie, na baba wa hiyo familia anataka kuja pia.

Mama Neema