Masoko ya Krismasi Berlin: niende lipi?

Wadau, Desemba hii nina siku mbili Berlin na mwanangu wa miaka sita. Nichague soko lipi?

— Nendeni mbele ya Rotes Rathaus, yaani ukumbi wa jiji, jirani na uwanja wa Alexanderplatz. Watu wanateleza kwenye barafu wakiizunguka chemchemi ya Neptune. Mtoto atagoma kuondoka, nakwambia.

— Beba sarafu. Mvinyo wa moto una amana ya kikombe. Ukikirudisha, unapewa hela yako. Mimi mshamba nilikiacha mezani nikaondoka zangu! Cha pili nilikitia mkobani, hadi leo nakinywea uji. Mtoto mnunulie Kinderpunsch, kinywaji cha moto cha watoto, hakina kilevi.

— Asanteni. Na viatu?

— Buti za soli nene, dada. Baridi ile inaanzia nyayoni.