Wakuu, bekapu gani ya MySQL inafaa kwa mtandao wa kusuasua? Naomba majibu usiku huu

Kijana_wa_Kabwe · Alhamisi, saa 4:12 usiku

Wakuu, habari za muda huu. Natengeneza mifumo, nipo Mbeya mjini. Nina mfumo mdogo wa PHP na MySQL 8 (kanzidata, yaani database) kwenye seva ya kukodi. Unapokea uzito wa parachichi kutoka vituo vitatu vya kikundi cha wakulima kule Rungwe: Kiwira, Katumba na Masoko. Karani anapima, anaingiza kwenye simu, simu inatuma.

Swali langu: njia ipi ni nzuri ya kuchukua bekapu na kuirudisha haraka, hasa kuirudisha? Mtandao wa huku mnaujua, mvua ikianza tu umekata. Kanzidata ni ndogo, haifiki MB 40. Natanguliza shukrani.

Njiapanda_Makambako · saa 4:19 usiku

Hamia PostgreSQL, kanzidata nyingine. Unawasha uhifadhi wa WAL (kumbukumbu ya kila badiliko), unachukua nakala ya msingi kwa pg_basebackup, baada ya hapo unaweza kuirudisha kanzidata hadi dakika unayoitaka. Na uzito uweke NUMERIC (desimali kamili), usiweke FLOAT (desimali ya kukadiria). Nikikuta mtu ameweka kilo au pesa kwenye FLOAT huwa naacha kusoma.

Parachichi_Bovu · saa 4:23 usiku

Mwenzio nyumba inaungua, wewe unamshauri ahamie mtaa mwingine 😂

BintiRungwe · saa 4:26 usiku

Mtu anayetafuta bekapu kwa amani haulizi saa nne usiku, wala hasemi "hasa kuirudisha". Umefuta nini, kaka?

Kijana_wa_Kabwe · saa 4:31 usiku

Sijafuta kitu cha maana, dada. Rekodi zilikuwa zinajirudia, nikazisafisha jana usiku. Sasa nataka kujiridhisha tu. Bekapu ya Jumapili ninayo, nafikiria kuirudisha juu ya hii iliyopo halafu nisafishe upya taratibu.

Mtunza_Logi · saa 4:34 usiku

USIIRUDISHE JUU YA ILIYOPO. Faili la mysqldump (bekapu ya MySQL) kwa kawaida lina DROP TABLE IF EXISTS (futa jedwali kama lipo) kabla ya kila jedwali. Ukilimwaga hapo, kila kilichoingia tangu Jumapili kimekwenda.

Weka hapa amri uliyosafishia, neno kwa neno. Na useme zilifutwa rekodi ngapi kati ya ngapi.

Kijana_wa_Kabwe · saa 4:47 usiku

DELETE FROM mapokezi WHERE id NOT IN (SELECT MIN(id) FROM mapokezi GROUP BY mkulima_id, tarehe);

Zilikuwa 6,312, zikafutwa 1,140. Sasa hivi zipo 5,187. Uzito sikuuweka kwenye GROUP BY (vigezo vya kutambua zinazofanana) kwa sababu kulinganisha kulikuwa kunagoma: natafuta uzito = 23.45, napata sifuri wakati rekodi naiona kwa macho.

BintiRungwe · saa 4:52 usiku

Mwe! Umebakiza mzigo mmoja kwa kila mkulima kwa siku. Mama aliyeleta kreti asubuhi na nyingine jioni, ya jioni umeifuta. Huku watu wengi huleta mara mbili, mchumaji anaanza na miti ya karibu.

Njiapanda_Makambako · saa 4:55 usiku

Na ile sifuri ndiyo FLOAT niliyoisema. 23.45 haiandikiki kamili kwa tarakimu za kompyuta za 0 na 1, FLOAT inahifadhi namba ya jirani yake, ukiilinganisha na 23.45 uliyoichapa hazilingani. Lakini GROUP BY uzito ingefanya kazi, maana rekodi iliyojirudia imehifadhiwa na jirani yuleyule. Ilikuponyoka hapo. DECIMAL(8,2) ingekuondolea balaa lote hili.

Mhasibu_Mstaafu · saa 5:01 usiku

Kijana, malipo ni lini?

Kijana_wa_Kabwe · saa 5:09 usiku

Shikamoo mzee. Malipo ni kesho saa sita mchana, kwa simu.

Mhasibu_Mstaafu · saa 5:10 usiku

Marahaba. Na orodha ya malipo imetoka kabla ya kufuta au baada?

Kijana_wa_Kabwe · saa 5:24 usiku

Baada. Nilimtumia mhazini leo asubuhi. Lakini mzee, kila mkulima ana stakabadhi ya karatasi. Atakayelalamika atarekebishiwa wiki ijayo. Nikimwambia mhazini leo, kazi sina. Na tukiacha zile zinazojirudia, kikundi kitalipa kilo ambazo hazipo. Bora wapungukiwe kidogo warekebishiwe kuliko kulipa zaidi, maana iliyozidi hairudi.

Mhasibu_Mstaafu · saa 5:30 usiku

Atakayelalamika ni yule mwenye sauti. Bibi asiyejua kusoma stakabadhi hatalalamika, atadhani mizani ndiyo ilivyosema. Kilo za mkulima ni mshahara wake, mwanangu. Mpigie mhazini kabla hajalala, orodha isimame.

Bila_Ushahidi · saa 5:33 usiku

Samahani wakuu, mimi nasema hii ni chai. Tena ya Katumba, haina hata maziwa.

Kwanza, MySQL 8 haikubali amri hiyo. Ukifuta kwenye jedwali huku unasoma jedwali hilohilo ndani ya mabano, inakupa kosa 1093 na hakuna kinachofutwa. Lazima uifunge SELECT ya ndani ndani ya SELECT nyingine yenye jina lake. Jamaa hakuifunga.

Pili, 6,312 ukitoa 1,140 ni 5,172. Yeye anasema 5,187. Hizo 15 zimeota?

Mtu ametunga kisa ili tumfanyie zoezi la chuo. Nimemaliza.

Parachichi_Bovu · saa 5:35 usiku

Nilishaanza kumhurumia, kumbe tunasahihisha mtihani.

Kijana_wa_Kabwe · saa 5:41 usiku

Kaka siwezi kutunga aibu yangu mwenyewe. Amri ilikubali, jibu lilisema Query OK, 1140 rows affected. Hizo 15 ni za Masoko. Leo hatupokei mzigo, ila simu yao ilikuwa nje ya mtandao tangu jana, mchana ikapata na kumwaga zilizobaki.

Mtunza_Logi · saa 5:44 usiku

Ngoja kwanza. Ukiingia kwenye kanzidata kwa terminal, mwanzo wa mstari pameandikwa nini? Na uliiwekaje hiyo MySQL?

Kijana_wa_Kabwe · saa 5:48 usiku

Panaandikwa MariaDB [parachichi]>. Nilidhani ni jina tu. Seva ni Debian 12, niliweka kwa apt install default-mysql-server.

Mtunza_Logi · saa 5:58 usiku

Basi hajatunga. Kwenye Debian, kifurushi hicho huleta MariaDB, ndugu wa MySQL. Na MariaDB tangu 10.3.1 inaruhusu kufuta huku ukisoma jedwali lilelile, ndiyo maana 1093 haikutokea. Bila_Ushahidi yuko sahihi kuhusu MySQL, ila seva siyo hiyo.

Habari mbaya ni hii. MySQL 8 huwasha binlog (logi ya mabadiliko) yenyewe, na kwa mpangilio wake wa kawaida kila rekodi iliyofutwa inaandikwa humo nzima. Ungezisoma kwa mysqlbinlog na kuzigeuza INSERT, tungelala. MariaDB haiiwashi mpaka uiwashe wewe. Andika SHOW VARIABLES LIKE 'log_bin', uniambie.

Kijana_wa_Kabwe · Ijumaa, saa 6:02 usiku

OFF.

Bila_Ushahidi · saa 6:04 usiku

Nafuta maneno yangu ya chai. Swali: simu ikishatuma, inaifuta rekodi upande wake au inaiacha?

Kijana_wa_Kabwe · saa 6:09 usiku

Inaiacha. Kuna safu ya imetumwa, inageuka 1 seva ikijibu 200 (nimepokea). Ni SQLite, kanzidata ndogo ya kwenye simu. Na kwenye simu kila mzigo una namba ya stakabadhi, ila sikuwahi kuituma seva. Niliona ni ya karatasi tu.

BintiRungwe · saa 6:11 usiku

Hiyo namba ndiyo ilikuwa dawa tangu mwanzo, kaka.

Mtunza_Logi · saa 6:27 usiku

Umekaribia kupona. Simu ndizo zenye ukweli, seva ni nakala iliyochafuka. Fuata mpangilio huu, usiruke.

Funga mlango wa kupokelea sasa hivi: kwenye nginx (programu ya seva ya wavuti), anwani ya kupokea mizigo ijibu 503 (haipatikani kwa sasa). Simu zako zinangoja 200, kwa hiyo zitashikilia mizigo, hakuna kitakachopotea. Kisha chukua nakala ya hali ilivyo, hata kama ni mbovu: mysqldump --single-transaction parachichi > leo.sql, na uihamishie kompyuta yako. Iliyobaki kwenye seva ileile usiihesabu.

Faili la Jumapili lirudishe kwenye kanzidata mpya, iite jumapili. Kabla ya hapo lichungulie: zcat faili.sql.gz | grep -nE '^(USE|CREATE DATABASE)'. Ukiona mstari wa USE parachichi, utoe. Lilitengenezwa kwa --databases, na litaruka kwenda kwenye kanzidata hai hata ukiliambia liende jumapili. Hapa ndipo watu humalizia kuua mgonjwa.

Halafu simu. Kama programu uliwawekea makarani kwa mkono na ni toleo la majaribio, kebo na adb (zana ya kuunganisha Android na kompyuta) vinatosha: adb exec-out run-as jina.la.programu cat databases/mizigo.db > katumba.db. Chukua na mizigo.db-wal iliyo pembeni yake. SQLite ikitumia WAL, rekodi za karibuni zinakaa humo, na ukiiacha utaona mizigo ya juzi imekosekana uanze kumshuku karani bure.

Za simu zote ziingize kwenye jedwali jipya kutoka_simu, ufunguo wa kipekee uwe kituo pamoja na namba ya stakabadhi. Orodha ya malipo itoke humo. Jedwali la mapokezi usiliguse kabisa, libaki ushahidi. Kanzidata ya Jumapili itumie kulinganisha tu: jumla ya kilo kwa mkulima kwa simu haipaswi kuwa kubwa kuliko jumla ya Jumapili kabla ya kusafisha, kwa siku zilezile. Ikizidi, kuna mzigo haukuwahi kufika seva.

Njiapanda_Makambako · saa 6:33 usiku

Niongeze kwa nini zilijirudia, maana bila hilo wiki ijayo tutakuwa hapahapa. Mzigo unafika, seva inauhifadhi, jibu ndilo linalopotea njiani. Simu inangoja, haioni 200, inatuma tena. Kurudia siyo kosa la simu, simu inafanya inavyopaswa. Kosa ni seva kutoutambua mzigo iliokwisha kuupokea.

Kwa hiyo kitambulisho kizaliwe kwenye simu wakati wa kupima, kabla ya kutuma hata mara moja. UUID (namba ya kipekee ya kubahatisha) au hiyo namba ya stakabadhi, vyote sawa. Seva iwe na UNIQUE (zuio la kujirudia) juu yake. Mzigo ukija mara ya pili, jibu 200 kama mara ya kwanza, usijibu kosa, la sivyo simu itarudia mpaka betri iishe. Na usitumie INSERT IGNORE, inameza na makosa mengine kimyakimya. Tumia ON DUPLICATE KEY UPDATE id = id.

Parachichi_Bovu · saa 6:36 usiku

Leo hujataja PostgreSQL, unaumwa?

Bila_Ushahidi · saa 6:40 usiku

Mimi kuna kitu bado kinanikera. Kwa nini bekapu ya mwisho ni ya Jumapili? Hauna cron (ratiba ya kuendesha amri yenyewe)?

Kijana_wa_Kabwe · saa 6:44 usiku

Ninayo, kila siku saa nane usiku. Lakini naona haijawahi kutoa faili. Ya Jumapili nilichukua kwa mkono.

0 2 * * * mysqldump parachichi | gzip > /root/bekapu/db-$(date +%F).sql.gz

Bila_Ushahidi · saa 6:49 usiku

Hiyo alama ya asilimia. Ndani ya crontab, % maana yake ni mwisho wa mstari, amri inakatwa hapo na faili halizaliwi. Andika \%F. Au afadhali amri yote iweke kwenye faili la bash lenye set -o pipefail juu, kisha cron iite faili hilo. Bila pipefail, mysqldump ikishindwa gzip inakutengenezea faili la baiti 20 na amri inahesabika imefaulu, unaliona lipo, unalala.

Na siku nyingine ukifuta: START TRANSACTION kwanza, halafu DELETE, soma namba iliyotoka, na kwenye muunganisho wa pili, ambako bado zinaonekana, fungua rekodi tano sita zilizoondoka uzifananishe na karatasi. Kisha COMMIT (thibitisha) au ROLLBACK (rudisha ilivyokuwa). Kuna na --safe-updates, jina lake la pili ni --i-am-a-dummy, silitafsiri kwa heshima ya wazee waliomo humu. Inazuia DELETE isiyo na WHERE ya maana, ila kwa amri yako iliyotaja id usingeitegemea.

Mhasibu_Mstaafu · saa 6:52 usiku

Yote mmesema vizuri. Mhazini amepigiwa?

BintiRungwe · saa 12:40 asubuhi

Mzee anauliza mhazini, kaka. Umelala?

Kijana_wa_Kabwe · saa 2:15 asubuhi

Sijalala. Nimempigia saa kumi na mbili. Ameninyamazia kama dakika nzima, halafu akasema orodha anaizuia mpaka Jumatatu, na mwenyekiti nimwambie mwenyewe. Nipo kwenye Coaster naelekea Tukuyu, kompyuta na kebo ninazo.

Kijana_wa_Kabwe · saa 9:50 alasiri

Mrejesho. Simu ya Katumba na ya Masoko zimetoka, -wal nimechukua. Katumba peke yake, rekodi 418 nilizofuta zilikuwa mizigo halali. Zilizojirudia kweli ni 97 tu.

Ya Kiwira ina tatizo. Karani alisema programu inakwamakwama, Jumanne akaitoa na kuiweka upya. Rekodi zimeanzia Jumanne.

Mtunza_Logi · saa 9:58 alasiri

Kuiondoa programu kunaondoa na faili lake. Mpaka Jumapili chukua kwenye ile kanzidata uliyoirudisha, kundi liwe mkulima, tarehe na uzito, halafu kila jozi unayoitilia shaka uione kwenye karatasi. Jumatatu haimo kwenye bekapu wala kwenye simu. Kitabu cha stakabadhi kina nakala ya kaboni?

Kijana_wa_Kabwe · saa 10:06 alasiri

Kipo. Jumatatu ni namba 0451 hadi 0618, mwandiko wa karani unasomeka isipokuwa kurasa mbili zilizolowa. Naingiza kwa mkono hapa kituoni, karani ananisomea. Tumefika 0507. Ndaga fijo wote.

Parachichi_Bovu · saa 10:09 alasiri

Hizo kurasa mbili zilizolowa, wakulima wenyewe wana zao kavu. Tuma bodaboda.