Tunawafundisha, kisha wanaondoka: wahudumu wapya wa wazee tuwafanyeje wabaki?

Msimamizi, Minnesota
Ndugu zangu, salaam. Nasimamia mafunzo ya wahudumu katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Minnesota, Marekani, na wengi wao ni vijana wetu kutoka Kenya na Tanzania. Sheria ya taifa ya mwaka 1987 inazitaka nyumba zinazolipwa na Medicare na Medicaid, yaani mipango ya serikali ya kulipia matibabu ya wazee na wenye kipato kidogo, zimpe mhudumu mafunzo ya saa 75 kwa uchache, zikiwamo 16 za vitendo, kisha saa 12 kila mwaka. Hayo yote tunatimiza. Hata hivyo, kati ya sita niliowapokea mwezi wa tatu wamebaki wawili, na wazee walikuwa hata hawajazizoea sura zao. Nikiomba nyongeza ya mshahara, naambiwa hakuna fedha. Ninyi mliodumu, ni nini kiliwabakiza?

Mama Z.
Mwanangu, huu ni mwaka wangu wa 19 katika kazi hii. Darasani nilifundishwa kumgeuza mgonjwa, kumlisha na kumpima mapigo ya moyo. Sikufundishwa la kufanya alfajiri, nikiwa peke yangu na wazee kumi na wawili, huku bibi mwenye ugonjwa wa kusahau amenikamata mkono, analia, hataki kuvuliwa nguo. Aliyeniokoa ni dada mmoja wa Haiti: alizima taa kali, akamfunika bibi mabega kwa taulo lenye joto, akaanza kumwosha miguu huku akimwimbia taratibu, hadi bibi akaniachia mkono. Asingaliingia, ningalirudisha kitambulisho asubuhi ileile. Kila mgeni mpe mzoefu mmoja wa kufuatana naye kwa wiki nne au tano, shifti ileile, na mzoefu huyo alipwe nyongeza, kwa sababu ukimtwika mwanafunzi juu ya wazee wake bila malipo, utawapoteza wote wawili.

Muuguzi, Texas
Namuunga mkono Mama, na ningeongeza kwamba mhudumu aachiwe wazee walewale badala ya kuhamishwa kila siku, maana anayejua kwamba babu fulani hanywi dawa kabla ya chai hufanya kazi kwa amani. Ila suala la mshahara usiliache, kaka. Nyumba inayosema haina fedha ndiyo inayowalipa mawakala kwa ajili ya watu wa muda, tena kwa bei kubwa zaidi kwa saa. Mpelekee mkurugenzi ankara hizo, pamoja na gharama za kuwafundisha wale wanne walioondoka.

Msimamizi, Minnesota
Nashukuru sana. Ankara za miezi mitatu nimeziomba leo. Mama, huyo mzoefu achaguliwe na uongozi?

Mama Z.
Hapana, waulize wahudumu wenyewe. Wanamjua wanayemwita kukiwa na kazi ngumu chumbani.